Vyuo vikuu visitenganishe mazingira, uchumi na saikolojia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Nilikuwa afisa uvuvi. Nilisomea chuo cha uvuvi Nyegezi miaka ya themanini, nikaanza kazi visiwani Ukerewe, nikahamia Sengerema, nikastaafia hapa Ilemela. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kikao cha wadau wa Ziwa Victoria ambacho hakikufungwa kwa azimio moja: wavuvi wapewe elimu. Sangara wamepungua, wavuvi wapewe elimu. Kokoro, ule wavu haramu wa kukokota hadi ufukweni, limekamatwa, wavuvi wapewe elimu. Dagaa wamenyeshewa wakaoza, akina mama wapewe elimu.

Mvuvi wa ziwa hili ana elimu ya ziwa lake. Anajua ukubwa wa samaki unaoruhusiwa, anajua kokoro linakomba mazalia ya sato kwenye maji ya kina kifupi, na anajua ni ghuba gani ziachwe na kwa nini. Njoo Igombe jioni, kaa na wanaoshona nyavu, utaelezwa haya yote bila kuulizia sana. Mimi naona anayehitaji kuongezewa elimu ni yule anayetumwa kwa mvuvi: kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada ya jambo moja, anayelijua jambo hilo vizuri, lakini akakutana na mwalo, yaani ufukwe wanaposhushia samaki, ambao hauna jambo lililokaa peke yake. Ombi langu ni kwa vyuo vikuu vyetu, na pia kwa wazazi wenzangu, kwa sababu huu ndio msimu wa kuchagua kozi.

Nianze na vichanja vya kuanikia dagaa.

Dagaa wetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Alfajiri mitumbwi inaingia, akina mama wananunua kwa ndoo na kuanika. Wengi wanaanika mchangani. Dagaa aliyekauka mchangani anabeba mchanga, na mvua ikishuka asubuhi hiyo hasara ni ya siku hiyohiyo, maana dagaa mbichi hasubiri. Akianikwa kwenye kichanja cha nguzo na nyavu, kilichoinuliwa kutoka chini, hewa inapita juu na chini yake, anakauka upesi na anatoka safi. Tuliyafundisha haya kwa miaka. Tulijenga vichanja vya mfano, akina mama wakaja, wakasikiliza, wakatueleza wenyewe faida zake bila kukosea hata moja. Baada ya misimu michache nguzo zilikuwa zimeng'olewa, na dagaa wako mchangani.

Mama mmoja wa Kayenze, aliyeanza biashara hii mimi bado niko shule, alinieleza sababu tukiwa tumekaa juu ya magunia yake. Aliniambia: "Mwanangu, anayechukua mzigo wangu anaupeleka kwenye chakula cha kuku. Hajawahi kuniuliza habari za mchanga. Ndoo ya kichanjani na ndoo ya chini bei ni moja. Nguzo ninunue mimi, nyavu ninunue mimi, na usiku waje waibe. Nitakula nini?"

Pale hapakuwa na pengo la elimu ya dagaa. Palikuwa na soko lisilolipia usafi. Mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa pili angeliona hilo siku ya kwanza, kabla hatujatumia shilingi hata moja kununua nguzo. Na palikuwa na jambo jingine ambalo mchumi naye, akiwa peke yake, angelipita bila kuliona. Yule mama hakutaka kuwa wa kwanza. Mwaloni, siku dagaa wakiwa wachache, mwenye mtumbwi anawauzia kwanza wale aliozoeana nao, na wale wanaoonekana wamejitenga wanarudi na ndoo tupu. Kusimamisha kichanja peke yako katikati ya wenzako walioanika chini ni kujionyesha. Ujirani pale ni mtaji sawa na fedha, na hakuna aliyetufundisha kuuhesabu.

Baadaye niliona vichanja vikirudi kwenye mialo ambako wanunuzi wa dagaa wa kula, wale wanaopeleka mzigo mbali kupitia soko la Mwaloni Kirumba, walianza kulipa zaidi kwa dagaa wasio na mchanga. Akina mama walivisimamisha kwa pamoja, kundi zima kwa wakati mmoja, bila semina yoyote.

Sangara naye ana somo lake, tena kubwa zaidi. Nimekulia Ukerewe tukila furu. Walikuwa samaki wadogo wa kila namna na kila rangi, waliokaushwa kwa jua tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walipokuwa wakichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza kuanzia miaka ya sabini walikuta mamia ya aina katika ziwa hili, nyingine zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Sangara alikuwa amekwisha kupandikizwa ziwani, kuanzia miaka ya hamsini, kwa hesabu ya kiuchumi iliyoonekana nzuri: samaki mkubwa ale samaki wadogo wasio na bei, nasi tumle yeye. Katika miaka ya themanini aliongezeka kwa kasi, na aina nyingi za furu zikapotea kabisa. Fedha zilikuja kweli. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, watu walisomesha watoto, na mimi mwenyewe mshahara wangu ulitokana na samaki huyo. Lakini sangara ana mafuta, hakauki kwa jua kama furu. Anataka moshi, na moshi unataka kuni. Niliokuwa nao Ukerewe wanakumbuka miti iliyokatwa visiwani kwa ajili ya kubanika sangara. Swali la kuni halikuwa la mchumi, halikuwa la mtaalamu wa samaki, kwa hiyo likabaki bila mwenyewe.

Leo sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Sababu yake kibaiolojia ni njema: samaki huyo bado hajazaa, na sangara jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume. Akifikia ukubwa wake anatoa mayai kwa mamilioni. Sasa tazama upande wa fedha. Mitumbwi mingi ya sangara haiendi majini kwa fedha ya tajiri mwenyewe, yaani mwenye mtumbwi. Wakala anatoa nyavu, mafuta na barafu, kisha analipwa kwa samaki, kwa bei ambayo mwenye deni hana nguvu ya kuibishia. Deni ni la wiki, samaki ni wa miaka. Tume ya Brundtland, mwaka 1987, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotosheleza mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kutosheleza ya kwao. Wanafunzi wetu wanayajua maneno hayo tangu mwaka wa kwanza, na ni maneno ninayoyaheshimu sana. Ila mwaloni vizazi vijavyo vinashindana na wakala anayekuja Ijumaa. Anayetaka kuwalinda samaki wachanga bila kuligusa deni hilo atafukuzana na mitumbwi mpaka astaafu.

Mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliliandika hili mwaka 1954. Alionyesha kwamba pale uvuvi unapokuwa wazi kwa kila mtu, watu huendelea kuingia mpaka faida yote inayeyuka, na haitokani na ujinga wala tamaa ya ajabu. Kila mmoja amepiga hesabu yake sawasawa, na jumla ya hesabu hizo sahihi ni ziwa tupu. Nilisikia jina la mtu huyu nikiwa nimekaribia kustaafu. Nililisikia kwa sababu nilijiendeleza kwa masomo ya jioni, kozi ya mazingira, nikaenda kumwomba mhadhiri wa uchumi niwe nakaa nyuma kwenye vipindi vyake. Alinikaribisha vizuri. Nikaomba pia kwa mhadhiri wa saikolojia, naye akakubali. Nilisoma mihula miwili, nikafanya mazoezi yote waliyotoa, na mwisho hakuna hata uniti moja iliyoingia kwenye matokeo yangu. Ofisi ya chuo ilisema idara hizo si zangu. Nilichojifunza ninacho, na sidai cheti kwa umri huu. Nawaza vijana ambao hawana nafasi ya kukaa nyuma bure.

Maana ni kwenye vipindi vile vya saikolojia ndipo nilipopata jibu la jambo lililonisumbua Sengerema. Tulikuwa tukikamata nyavu haramu na kuzichoma. Tulitegemea kwamba mtu akiona nyavu za thamani kubwa zikiteketea ataogopa. Wapo walioogopa. Lakini niliona wengine, tena watu wapole ambao sikuwahi kuwa na kesi nao, wakirudi majini muda mfupi baadaye na nyavu za timba za kukopa, yaani zile za uzi mmoja wa plastiki, mbaya kuliko zile za kwanza, wakitoka usiku hata upepo ukiwa umechafuka. Wenzangu ofisini walisema ni ukaidi.

Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia, na mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Yeye na Amos Tversky walionyesha, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1979, kwamba hasara inamuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Walionyesha pia kwamba mtu akijiona yumo ndani ya hasara huwa tayari kuingia hatari ambayo siku ya kawaida asingeisogelea, mradi ipo nafasi ya kurudisha kilichopotea. Niliposikia hayo niliona uso wa mtu mmoja wa Sengerema mbele yangu. Yule hakuwa mkaidi. Alikuwa na deni la nyavu zilizochomwa juu ya deni la nyavu mpya, na sisi tuliendelea kumtisha kwa hasara zaidi. Sisemi nyavu haramu zirudishwe kwa wenyewe. Nasema aliyesomea saikolojia na uchumi pamoja na samaki angetuambia kwamba siku ya kuchoma nyavu ndiyo siku ya kuweka mezani njia ya mtu kupata nyavu halali kwa mkopo unaolipika, kabla jua halijazama, la sivyo tunamsukuma kwenye timba kwa mikono yetu.

Na watu wanaweza kubadilika haraka. Wa rika langu wanaukumbuka mwaka 1999. Baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa sumu, Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, na bei ya sangara ikaanguka kwenye mialo. Aliyetumia sumu na ambaye hajawahi hata kuinusa walipata hasara ileile. Ndipo nilipoona kwa macho yangu wavuvi wakimleta ofisini mwenzao aliyekutwa na sumu, jambo ambalo mabango yetu na mikutano yetu havikuwahi kulifanya. Walikuwa wanajua siku zote kwamba sumu ni mbaya. Kilichokuja kipya ni kwamba kosa la mmoja liligusa mfuko wa kila mtu waziwazi, na kila mmoja aliona mwenzake naye amechukia.

Jambo hili lina watu waliolisoma kwa undani. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote huishia kuangamizwa, na kwamba dawa ni kuigawa iwe mali ya watu binafsi au kuwashurutisha watu kwa nguvu ya dola. Wengi wetu tuliosomea usimamizi wa rasilimali tulilelewa na fikra hiyo. Elinor Ostrom, Mmarekani pia, hakuridhika. Alikusanya habari za watu wanaotunza mali ya pamoja kwa karne na karne: malisho ya milima ya Uswisi, mifereji ya umwagiliaji ya Nepali, wavuvi wa pwani sehemu mbalimbali. Aliona kwamba inawezekana, pale wenyewe wanapotunga kanuni, wanapojua mpaka wa eneo lao na nani ni wa humo, wanaposimamiana, na pale adhabu inapoanza ndogo ikapanda kwa anayerudia. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi.

Mtu aliyefanya kazi na BMU zetu, vile vikundi vya wanakijiji vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, atamwelewa Ostrom bila shida. Nimeona BMU iliyolinda mazalia yake vizuri kuliko boti yetu ya doria, na nimeona nyingine iliyobaki mhuri na daftari. Ile ya kwanza ilikuwa kijijini ambako wazee na wavuvi walikaa wakakubaliana wenyewe ni wapi pasivuliwe, na mkosaji wa kwanza aliitwa kwa wazee akaonywa. Ile ya pili ililetewa kanuni zikiwa zimechapwa.

Sasa nije kwa mjukuu wangu, maana yeye ndiye amenifanya nishike kalamu. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), amefaulu, anataka kuomba shahada ya sayansi ya mazingira. Ukoo umekataa. Mjomba wake wa Dar es Salaam anataka uuguzi, shangazi anataka maabara, na wote wanasema mazingira haina ajira, utamaliza urudi kufagia ufukwe. Mtoto analia chumbani na dirisha la udahili halimngoji.

Sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Nawafahamu vijana wenye shahada za mazingira waliokaa nyumbani, wengine hapahapa Ilemela. Lakini nimefanya nao kazi walipokuja kwa mafunzo ya vitendo, na nimeona wanapokwamia. Kijana anapima maji ya Mto Mirongo, anaeleza vizuri kabisa taka zinazotoka milimani Mabatini na kwingine hadi ziwani, anaeleza mbolea na kinyesi vinavyolisha mwani na magugu maji, na jinsi hewa inavyopungua kwenye maji ya chini. Muulize kutapisha choo kilichojengwa juu ya mwamba kunamgharimu mpangaji kiasi gani, na nani yuko tayari kulipa nini, ananyamaza. Muulize kwa nini mtu wa mlimani, asiyeliona ziwa akifungulia choo chake wakati wa mvua, atajali maji ya mtu wa Kirumba, anasema apewe elimu. Mwajiri akisikia jibu hilo anamshukuru na kumwita mwingine.

Kazi zipo kwa anayeweza kujibu maswali yote matatu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na Kanda ya Ziwa ina migodi, viwanda na barabara. Chukua vizimba vya sato, yaani ufugaji wa samaki ndani ya nyavu ziwani, ambavyo vijana wengi wanavikimbilia sasa. Kizimba kinataka mtu anayejua maji, kwa sababu chakula kisicholiwa kinaanguka chini na kuoza, na siku maji ya chini yasiyo na hewa yanapopanda juu samaki wanakufa kwa usiku mmoja. Kinataka mtu anayejua fedha, kwa kuwa chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, na anayekosea hesabu ya chakula anafuga kwa hasara hata samaki wakinona. Na vizimba vingi ni vya vikundi vyenye mkopo wa pamoja. Kikundi kinavunjika kwa kutoaminiana muda mrefu kabla sato hawajafikia kuuzwa: nani alilala zamu ya ulinzi, nani alichukua mfuko wa chakula, nani anashika simu ya kikundi. Anayejua jinsi watu wanavyojenga imani na kuipoteza ni mtaalamu wa vizimba kama yule wa samaki.

Saikolojia ina kazi nyingine ziwani ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye mkutano wowote. Kila msimu wa upepo tunapoteza watu. Mtumbwi unatoka jioni na haurudi, na mara nyingine mwili haupatikani. Mke anakaa miezi hajui avae kaniki au aendelee kungoja. Watoto wake wanaendelea na shule kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyenusurika, yule aliyeshikilia dumu usiku kucha na kumwona mwenzake akiachia, anarudi majini wiki hiyohiyo kwa sababu ya deni. Nimekaa na watu hao nikiwa na fomu ya ajali mkononi, na fomu ilikuwa na nafasi ya namba ya mtumbwi na aina ya injini. Nchi yetu inafundisha saikolojia, na wazazi wanadhani mwisho wake ni hospitali au shule. Leteni wanafunzi hao mwaloni. Watakuta kazi ya maisha yao yote.

Kuna jambo la hisabati pia. Mjukuu wangu alipata D ya hesabu kidato cha nne, kwa hiyo akiuliza habari za uchumi anaambiwa aachane nao. Ostrom niliyemtaja hapo juu alikataliwa kusoma shahada ya uzamivu ya uchumi huko Los Angeles kwa sababu hakuwa na hisabati za kutosha. Akaenda sayansi ya siasa, akaandika tasnifu juu ya watu wanaogombania maji ya chini ya ardhi, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Nobel ya uchumi. Sisemi hesabu zidharauliwe, uchumi bila hesabu ni maneno. Nasema chuo kinaweza kumpa mtoto kama huyu muhula mmoja wa hesabu za kumwandaa, akajifunza kwa mifano ya ndoo za dagaa na riba ya wakala, badala ya kumfungia mlango kwa alama aliyoipata akiwa na miaka kumi na sita.

Kwa hiyo naomba hivi. Wanafunzi wa mazingira waruhusiwe kuchukua uniti za uchumi na za saikolojia zikahesabiwa kwenye shahada yao, na wa uchumi na saikolojia vivyo hivyo. Wahadhiri wapo tayari. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina sayansi ya mazingira, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uchumi wa miaka mingi, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kiko Malimbe, ziwa linaonekana. Kinachohitajika ni kufungua milango kati ya idara na idara. Nayo mafunzo ya vitendo yafanywe kwa vikundi: mmoja wa mazingira, mmoja wa uchumi, mmoja wa saikolojia, mwalo mmoja, ripoti moja yenye majina matatu. Wabishane huko huko, mbele ya watu wanaoishi na matokeo ya mabishano yao. Kijana wa maji akisema ghuba ifungwe, yule wa uchumi amuulize watu watakula nini miezi hiyo, na wa tatu aulize nani atakuwa wa kwanza kuvunja na wenzake watafanya nini. Wakitoka hapo na jibu, halmashauri ilisome.

Wazazi wenzangu, msiwakataze watoto kozi hizi. Waulizeni chuo kinafundisha nini ndani yake, kama kuna uchumi na kuna elimu ya watu, na wanafunzi wanapelekwa wapi kwa vitendo. Hayo ndiyo maswali yanayomsaidia mtoto. Ukoo wangu nimewaomba tukutane tena kabla dirisha halijafungwa, na nitawasomea barua hii.

Mhadhiri yeyote anayetaka kujaribu, aje Igombe. Daladala zinafika kutoka mjini. Aje na wanafunzi wakati wa giza, wawe wameamkia hapa, kwa sababu mitumbwi ya dagaa inaanza kuingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na ikifika saa mbili biashara imekwisha. Waje na viatu vinavyoweza kulowana. Kulala tutawapangia kwa majirani. Mimi nitawatafutia tajiri atakayekubali kueleza anavyolipana na wakala wake, na mama mwanikaji atakayekubali kuwafungulia daftari lake la madeni. Nimekwisha kuwauliza wote wawili, na wamekubali.

Afisa uvuvi mstaafu,
Igombe, Ilemela, Mwanza